Tableti ya Siku Mbaya

Tarehe 27 Januari 2010, jijini San Francisco, Steve Jobs alipanda jukwaani, akaketi kwenye kiti cha sofa, akaanza kuperuzi iPad ya kwanza mbele ya waandishi wa habari. Kiti kile hakikuwekwa pale kwa bahati. Kilieleza bidhaa kuliko hotuba yenyewe: hiki ni kifaa cha mtu aliyekwishatoka kazini, yuko kwake, Wi-Fi haikatiki na soketi iko ukutani nyuma yake. Ushauri mwingi wa kununua tableti ulioandikwa tangu hapo umeandikwa kana kwamba mwandishi bado amekalia kiti hicho. Ya nyumbani iwe kubwa, ya safari iwe nyepesi. Nyumbani ni filamu, safarini ni ndege.

Sasa tuje mtaa wa Mapendo, ubavuni mwa eneo la biashara la Birere, mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza asubuhi na mapema kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame bila kuchelewa. Mapendo ilikuwa kwenye orodha. Watu wapatao 400,000 wakatoka, wengine wakishika njia ya Sake, wengine wakivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, wengine wakibanana bandarini kutafuta boti ya Bukavu. Wazee wao walikwishaona hilo Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Kisha mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma: uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, na mwenye safari ya Kinshasa akaanza kuhesabu nauli ya kupitia Kigali. Katika mtaa wa namna hii, kutoka nyumbani hadi safarini ni mwendo wa dakika kumi, muda wa kufunga begi tu.

Ndiyo maana naona swali la Samsung au iPad linaulizwa mapema mno. La kwanza ni hili: siku ambayo hakuna mtandao wala umeme, kifaa hiki kitanifaa nini? Siku nzuri simu inatosha. Simu ndiyo inayotuma pesa, inayopiga, inayopokea habari za msiba na bei ya maharage. Tableti haiwezi kuipokonya kazi hiyo, na asiyelijua hilo atanunua akitarajia mambo yasiyokuwepo. Chukua pesa tu: Airtel Money, M-Pesa ya Vodacom na Orange Money kwa wengi wetu huendeshwa kwa kubonyeza namba zinazoanza na nyota na kuishia na reli, na tableti nyingi, hata zenye laini, hazizipigi namba hizo. WhatsApp nayo ilichelewa kuzikubali tableti. Za Android ziliruhusiwa kuunganishwa na simu mwaka 2023, na iPad ikapata programu yake Mei 2025, miaka kumi na mitano baada ya kuzaliwa! Basi tableti ipewe kazi inayoishinda simu: kuhifadhi vitu vingi, kuvionyesha kwa ukubwa unaosomeka, na kudumu na chaji.

Tuanze na chaji. Umeme wa Goma una historia yake: kwanza SNEL, shirika la serikali, kisha Virunga Energies na umeme wake wa maji wa Matebe kule Rutshuru, kisha kampuni ya Nuru na kituo chake cha jua cha megawati 1.3 pale Ndosho tangu 2020. Mwenye mita ya kulipia kabla na pesa ya kuijaza ana hali nafuu kuliko miaka ya nyuma. Lakini Januari 2025 vita vilipofika mlangoni na nyaya zikakatika, mji ulikaa gizani siku kadhaa, na aliyekuwa na laptopu ya maana alijikuta na kipande cha plastiki. Hapo ndipo tableti inapostahili bei yake. Betri ya iPad ya kawaida ina wati-saa 29 hivi. Samsung Galaxy Tab A9+ ina mAh 7,040, yaani wati-saa 27 hivi. Laptopu ndogo huwa na wati-saa 40 au 50, na hutaka chaja ya wati 45 au 65 ambayo kitu kidogo hakiwezi kuilisha. Pawabenki ya mAh 20,000, ikiwa namba iliyoandikwa ni ya kweli, ina wati-saa 74. Ukitoa zinazopotea njiani, itajaza tableti karibu mara mbili. Paneli ya jua ya wati 20 iliyoanikwa juu ya bati itaijaza tableti hiyo kwa saa tatu nne za jua kali, na wingu la Nyiragongo likitanda, kwa siku nzima.

Kuna jambo moja ambalo wachambuzi wa Ulaya hulitaja kama udhaifu, nami nalihesabu kuwa sifa. Galaxy Tab A9 ile ndogo inachaji kwa wati 15 tu. Wanalalamika kwamba ni polepole. Kwa mtu anayechaji kwenye pikipiki, kwenye betri ya gari iliyowekwa chini ya meza ya duka au kwenye boti, kifaa kinachoridhika na kidogo ni bora kuliko kinachodai chaja yake peke yake. Hakikisha tu tundu ni la USB-C. Umoja wa Ulaya ulilifanya kuwa lazima kwa simu na tableti tangu 28 Desemba 2024, lakini soko la mitumba bado limejaa iPad za kizazi cha tisa na za kabla yake, zenye tundu la zamani la Apple, na waya wake haupatikani kwa kila jirani. Chaja yenyewe usiinunue kwa bei ya andazi. Nyumba nyingi za Mapendo na Birere ni za mbao, zimeshikana, na moto wa huko hauhitaji kusimuliwa kwa mkazi yeyote. Betri ya lithiamu inayochajiwa usiku kucha juu ya godoro kwa chaja bandia ni hatari kwa nyumba nne, si moja.

Baada ya chaji, hazina, yaani nafasi ya kuhifadhi mafaili. Hapa ndipo naona watu wengi wanalipia kitu kisichofaa: wanatoa dola za ziada kwa kamera au wembamba, kisha wanarudi nyumbani na GB 32 ambazo mfumo wenyewe umekwisha kula nusu yazo. Fikiria vitu ambavyo familia ingependa viwepo mtandao ukikatwa. Kiwix, programu ya bure, inakuwezesha kubeba Wikipedia bila intaneti. Ya Kifaransa pamoja na picha zake inapita GB 30, na ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 70,000, ni nyepesi sana mbele yake. Organic Maps inabeba ramani ya Kongo, Rwanda na Uganda kwa nafasi ndogo, nayo inatumia data ya OpenStreetMap, ambako vijana wa Goma wenyewe wamechora vichochoro vingi kwa kujitolea. Ongeza vitabu vya shule, mitihani ya zamani ya mwaka wa sita, Biblia au Kurani, nyimbo za kwaya, katuni za mtoto, filamu chache za kumtuliza kila mtu saa za usiku. Hapo GB 64 zinajaa na 128 zinaanza kubana.

Kwa hiyo mlango wa kadi ya kumbukumbu si pambo. Galaxy Tab A9 na A9+, zilizotoka Oktoba 2023, zinao, na zinakubali kadi hadi TB 1. Tableti nyingi za Lenovo, Tecno na itel zinao pia. iPad haijawahi kuwa nao. Tangu Oktoba 2022 ile ya kawaida inakubali flashi ya USB-C, lakini flashi inayoning'inia ubavuni mwa kifaa ndani ya basi la kwenda Kampala haina maisha marefu. Na katika mji ambako mtu hupeleka kadi yake kwa kijana mwenye kompyuta akajaziwa filamu na nyimbo kwa franka kidogo, kifaa kisicho na mlango huo kimejitenga na uchumi wa mtaa. Angalizo moja: kadi za uongo ni nyingi kuliko tableti za uongo. Kadi iliyoandikwa GB 512 na kuuzwa kwa bei ya 16 kwa kawaida ni hiyo hiyo 16. Inapokea mafaili yote bila kulalamika, kisha inaharibu baadhi yake kimyakimya. Ijaze yote siku ya kwanza, kisha fungua filamu ya kwanza kabisa uliyoiweka na ya mwisho kabisa. Zote mbili zikicheza hadi mwisho, umepona.

Lipo na jambo la karatasi. Waliopoteza nyumba mwaka 2002 walipoteza pia hati za kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na diploma, na kuzipata tena ni safari za ofisini zisizoisha. Tableti yenye picha safi za karatasi hizo haichukui nafasi ya karatasi yenyewe, ila inampa mtu pa kuanzia. Sharti ifungwe kwa neno la siri la kweli, si 1234, na nakala nyingine ikae kwa ndugu wa mbali. Kadi ya kumbukumbu ambayo haikufungwa kwa siri husomeka na yeyote anayeichomoa. Karatasi ziwekwe kwenye kumbukumbu ya ndani, filamu ndizo ziende kwenye kadi.

Je, yenye laini au ya Wi-Fi peke yake? Wengi husema simu itagawa intaneti, basi laini ya nini. Hesabu hiyo ni sahihi hadi mwenye simu atakapotoka. Baba akienda Sake au mama akivuka kwenda sokoni Gisenyi, tableti iliyobaki na watoto inageuka kisiwa. Hapa Mapendo, karibu na mpaka, mtandao wa Rwanda hushikika, na si watu wachache wanaoweka laini ya pili ya upande wa pili kwa ajili ya siku ambayo mnara wa huku umelala. Kama tofauti ya bei inavumilika, nunua yenye laini. Wale wenye kumbukumbu watauliza kuhusu RAM, ile tozo ya Rejesta ya vifaa vya mkononi iliyokuwa ikikata yuniti za watu kimyakimya kuanzia 2020, hata hasira zikajaa hadi bungeni. Iliondolewa 2022, na kwa sasa haipaswi kuingia kwenye hesabu yako.

Sasa sokoni. Mzigo wa Birere unatoka Dubai na Guangzhou, kwa kupitia Kampala, Nairobi au Kigali, na mezani vitu vya aina tatu vinalala pamoja bila kutengwa: vipya halisi, mitumba, na vya kubuni. Hivi vya kubuni ndivyo vinavyoumiza wazazi. Ni vile vya rangi kali, vya watoto, sanduku limeandikwa GB 12 za kumbukumbu ya RAM na GB 512 za hazina, bei chini ya simu ya kawaida. Muuzaji atakuambia, "Papa, hii iko mupya, ni ya Dubai," na huenda anaamini. Usibishane naye, omba tu dakika kumi. Fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti, ingia kwenye mipangilio, kisha kwenye maelezo kuhusu programu, utazame kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect. Kama hakikuthibitishwa, yale mengine yaliyoandikwa kwenye sanduku hayana uzito. Kisha shika alama ya programu yoyote kwa kidole uitembeze polepole juu ya kioo kizima, kona kwa kona. Ikidondoka sehemu moja kila mara, kioo hapo kimekufa. Chomeka chaja, utikise waya kidogo. Vumbi letu jeusi la volkeno linaingia kwenye tundu la chaji na kuganda humo, na tundu lililolegea ndilo ugonjwa unaowafikia mafundi mara nyingi kuliko hata kioo.

Kwa mtumba, hatua moja haina mbadala: muuzaji aifute tableti yote kupitia mipangilio mbele yako, kisha iwashwe na kuunganishwa na intaneti kabla hujatoa hata dola moja. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, kifaa kilichofutwa kwa nguvu kitadai akaunti ya mmiliki wake wa awali, na Apple walianza kufuli lao tangu 2013. Goma ni mji wa mashirika ya misaada. Tableti zilizotumika katika tafiti za KoboToolbox (programu ya kukusanyia data), chanjo na ugawaji wa chakula huishia mezani Birere kwa njia halali na zisizo halali, na nyingine hukaa kimya mpaka zikutane na intaneti, ndipo linatokea jina la shirika na kila kitu kinafungwa. Muuzaji akisema mtandao leo ni mbaya, rudi kesho, basi urudi kesho kweli, pesa ikiwa bado mfukoni.

Majirani wametufundisha kitu kuhusu tableti za mradi. Tanzania ilihesabu watu wake Agosti 2022 kwa vishikwambi, yaani tableti, zaidi ya 200,000, kisha ikavigawa kwa walimu. Kenya ilianza kupeleka tableti kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016, zikiwa zimejazwa masomo ndani kabla ya kufika shuleni. La Kenya ndilo linalotuhusu zaidi hapa, kwa sababu kifaa kilichofika kikiwa na masomo kilikuwa na kazi hata shule isipokuwa na mtandao. Mzazi wa Mapendo anaweza kufanya vivyo hivyo kwa jioni moja kwenye Wi-Fi nzuri.

Kuhusu ukubwa, sina jibu moja. Tab A9 ina kioo cha inchi 8.7 na uzito wa gramu 332. Inaingia ndani ya koti la mvua, na mtu aliyepanda pikipiki jioni hatangazi kwamba ameibeba. Lakini ukurasa wa kitabu cha shule juu yake ni mdogo, na kioo chake cha pikseli 1340 kwa 800 hakisamehi herufi ndogo. A9+ ina inchi 11 na gramu 480, iPad ya kawaida iko hapo hapo, na kwa watoto watatu walioinamia zoezi moja la hisabati tofauti ni kubwa. Kama msafiri ni mmoja na ndiye msomaji, mimi ningechukua ndogo. Kama tableti itakaa nyumbani siku ishirini na kusafiri siku moja, kubwa. Zile kubwa zaidi ya hapo, za inchi 12 na kuendelea, ni za wachoraji na wenye magari.

iPad basi? Ni nzuri, na anayesema vinginevyo hajaitumia. Iliyotoka 2019 ilikuwa bado inapokea mfumo mpya wa 2024, jambo ambalo Android za bei ya chini hazikaribii. Iliyotoka Machi 2025 inaanza na GB 128, na Marekani iliwekewa bei ya dola 349. Lakini nyumbani kwetu ina vikwazo vyake: haina mlango wa kadi, haimruhusu kila mtoto kuwa na chumba chake ndani ya kifaa kimoja kama zinavyofanya tableti nyingi za Android, na lugha zake za mfumo hazina Kiswahili, wakati Android inacho. Kwa anayefanya kazi ya picha au muziki, au anayekaa miezi mingi Kigali au Brussels, ningemshauri aichukue. Kwa wengine naweka mbele swali ambalo wanunuzi hulisahau: uliza bei ya kioo kabla ya bei ya tableti. Nenda kwa fundi unayemwamini, mtajie modeli, na umwulize kioo kinatoka wapi, kinafika baada ya siku ngapi, na kwa bei gani. Akisema kitaagizwa Dubai na kinagharimu nusu ya kifaa, umekwishajibiwa. Barabara zetu ni za mawe ya lava. Kioo kitapasuka siku moja, hiyo ni hesabu ya kawaida na inapaswa kuwa ndani ya bajeti, pamoja na kava nene la mpira ambalo litakuudhi kwa ubaya wake.

Huawei inahitaji neno moja: tangu vikwazo vya Marekani vya Mei 2019, modeli zake mpya hazina huduma za Google, na mzazi asiyependa kuhangaika aziache. Mwanafunzi wa chuo kikuu, UNIGOM au ULPGL, anayetaka kuandika kazi yake ya mwisho naye aache tableti zote. Kurasa sitini kwa kidole juu ya kioo ni adhabu, na kibodi ya kuongeza inafikisha bei kwenye laptopu ya mtumba iliyo bora kwa kazi hiyo.

Njiani mambo ni machache. Mashirika ya ndege yanaruhusu pawabenki hadi wati-saa 100 bila kuomba kibali, ibebwe mkononi, isiwekwe kwenye sanduku linaloshuka chini. Ile ya mAh 20,000 inapita, ya 30,000 inazidi. Kwenye boti ya usiku ya Bukavu, mfuko wa plastiki wenye zipu una thamani kuliko kava la ngozi. Mpakani, na popote mtu usiyemjua anapoweza kukuomba ufungue kifaa, ni afadhali kiwe na masomo, ramani na nyimbo kuliko picha na mazungumzo yako ya miaka mitatu. Hii nayo ni sababu ya kuyaacha mazungumzo kwenye simu.

Imebaki bajeti, na kwa watu wengi wa Mapendo ndiyo mwanzo wa mambo. Mwenye uwezo wa kununua Tab A9 au A9+ halisi, mpya au mtumba uliopita mitihani niliyoeleza, atafute yenye laini, aongeze kadi ya kweli ya GB 128 na kava, asihangaike zaidi. Ambaye pesa yake inafikia tu zile za rangi kali zenye GB 512 za kuandikwa, asinunue tableti mwaka huu. Anunue kadi halisi na pawabenki halisi, aweke Kiwix na Organic Maps kwenye simu kubwa aliyonayo tayari, na kitakachobaki kiende kwenye ada ya shule.